Safari ya Mombasa: Wanafunzi Wetu Huenda Kuona Nini?

Kila ufikapo muhula wa pili, barua hupita mikononi mwa wanafunzi wa shule zetu za huku Meru zikielekea kwa wazazi. Huwa fupi, zimepigwa muhuri wa shule, na ujumbe wake ni mmoja: kidato fulani kitazuru Mombasa, na mzazi anaombwa atoe kiasi fulani cha fedha kabla ya tarehe fulani. Mzazi mwenye nacho hutoa. Asiye nacho huuza mbuzi, au huikunja barua ile akaitia chini ya mto. Nimefundisha kwa miaka mingi katika shule moja isiyo mbali na Kaaga, na barua za namna hiyo nimeziandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nimeandamana na wanafunzi hadi Mombasa mara nne. Safari ya nne, ile ya mwaka jana, ndiyo iliyonifanya nione heri niseme hadharani jambo ambalo kwa muda mrefu tumelinong'ona tu katika vyumba vya walimu: kwamba safari hizi, kwa jinsi tuzifanyavyo, ni hasara.

Sisemi zikomeshwe. La hasha! Mtoto aliyelelewa katika baridi ya Kaaga, ambaye maji mengi aliyopata kuyaona ni ya mto uliofurika wakati wa masika, anastahili kusimama ufuoni akaiona bahari ikikutana na mbingu. Nimewaona vijana wakorofi, wasiotulia darasani hata dakika tano, wakisimama pale kimya kana kwamba wameingia msikitini au kanisani. Hilo pekee lina thamani yake. Lakini bahari haihitaji mwalimu. Tukisema tunakwenda kujifunza, basi yatupasa tuulizwe tumejifunza nini.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Basi lilipita Nkubu, Chuka na Embu watoto wakiimba; likapita mashamba ya mpunga ya Mwea wakiwa bado wanaimba; tulipofika Emali hapakuwa na sauti ila ya injini. Tsavo tuliiona kupitia vioo vyenye vumbi. Mombasa tuliingia usiku, tukalala katika mabweni ya shule moja iliyotukaribisha kwa ukarimu, na asubuhi tukaanza ratiba.

Ratiba yenyewe ndiyo hii, na walimu wenzangu wataitambua mara moja kwa kuwa haibadiliki shule hadi shule. Kwanza tulipiga picha chini ya zile pembe za alumini zilizotanda juu ya barabara ya Moi, ambazo ziliwekwa katika miaka ya 1950 kwa heshima ya wageni wa ukoo wa kifalme wa Uingereza, jambo ambalo hakuna mwanafunzi aliyeliuliza wala mwalimu aliyelitaja. Kisha tukavuka feri ya Likoni kwenda na kurudi, bila haja yoyote ng'ambo. Kisha dakika arobaini Ngome ya Yesu. Kisha matembezi ya haraka Mji wa Kale. Kisha duka kubwa lenye ngazi zinazopanda zenyewe, saa moja na nusu. Kisha ufuoni, alasiri yote. Ukipima kwa saa, ngazi za umeme zilipewa muda maradufu ya karne nne za historia.

Pale ngomeni tulipokewa na kijana hodari mwenye sauti kubwa. Simlaumu, alikuwa na makundi mengine matatu yakingoja langoni. Alianza na Vasco da Gama mwaka 1498, kana kwamba kabla ya siku ile kisiwa kilikuwa kichaka kitupu. Ibn Battuta alipita Mombasa mwaka 1331, akalala usiku mmoja tu, na bado alipata cha kuandika juu ya uchaji wa watu wake na misikiti yao ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Sisi tulilala siku mbili. Kijana akaendelea: ngome ilianza kujengwa mwaka 1593 na Wareno, mchoraji wake akiwa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na waliokuwa ndani wakamalizwa na maradhi na njaa zaidi ya mizinga, Waingereza wakaifanya jela tangu 1895 hadi 1958, mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho, mwaka 2011 ikaingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Yote kweli. Wanafunzi wakaandika tarehe madaftarini kama waandikavyo imla.

Hapo msichana mmoja wa kidato cha tatu, mpole, ambaye sikumbuki kama aliwahi kuinua mkono darasani kwangu, akauliza swali. Alisema: "Wazee wa kwetu husimulia kwamba sisi Wameru tulitoka Mbwaa, kando ya bahari. Tulipoondoka huko, ngome hii ilikuwa imekwisha kujengwa?"

Kijana yule alinitazama mimi. Wanafunzi wakanitazama mimi. Nami, mwalimu wa Kiswahili na Historia, mzaliwa wa papo hapo Meru, nilimjibu: "Tutalizungumza tukifika nyumbani." Hatukulizungumza. Nilijua simulizi ile tangu utotoni, lakini haikuwahi kunijia akilini kwamba Mbwaa na Ngome ya Yesu vyaweza kukaa katika sentensi moja.

Acha basi nimjibu leo, kwa kuwa nimechelewa vya kutosha. Wazee wa Meru husema kwamba mababu zetu walikaa Mbwaa chini ya utawala wa watu walioitwa Nguo Ntune, yaani wenye nguo nyekundu, ambao waliwatwika mitihani isiyowezekana: walete kiatu chenye manyoya pande zote mbili, walete mkuki unaofika mbinguni, walete mbwa mwenye pembe. Hatimaye wakatoroka usiku, kiongozi wao akayapiga maji kwa fimbo, wakavuka. Waliovuka gizani wakawa ukoo wa weusi, waliovuka alfajiri wekundu, na waliovuka jua limekwisha kutoka weupe. Njiru, Ntune na Njeru. Mtafiti Jeffrey Fadiman, aliyezungumza na wazee wengi wa Meru na kuandika vitabu juu ya yale aliyoyasikia, aliiweka Mbwaa katika kisiwa cha Manda, jirani ya Lamu. Na wanaohesabu kurudi nyuma, rika moja baada ya jingine, hufika karibu na mwaka 1700.

Tazama basi swali la mtoto yule lilivyokuwa zito. Kama hesabu hiyo ya marika ina ukweli, ngome ilikuwa imesimama miaka mia moja. Huenda watu wetu walitoroka pwani katika miaka ileile ambayo Mreno alikuwa akipokonywa Mombasa na Mwomani, wakati pwani nzima ilipotikisika na kila mnyonge akapata mwanya. Na wale wenye nguo nyekundu walikuwa nani? Wareno? Waarabu? Waungwana wa Pate? Wapo wasomi wasioikubali kabisa habari ya Mbwaa, wakisema fimbo na maji yaliyogawanyika yananukia kitabu cha Kutoka, na kwamba huenda wazee walianza kusimulia hivyo baada ya kuisikia Biblia. Wapo wanaowajibu kwamba hakuna mahali katika Biblia palipo na mbwa mwenye pembe. Mjadala ungali wazi. Kwa mwalimu hiyo ni neema, maana swali lenye jibu moja hufa siku lijibiwapo. Mimi niliua swali lililo hai mbele ya watoto arobaini na wanne.

Kuna kisa kingine ambacho kijana wetu alikipitia kwa sentensi moja. Ni cha Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme wa Mombasa. Baba yake aliuawa mwaka 1614, naye akapelekwa Goa angali mtoto, akasomeshwa na mapadri, akabatizwa, akapewa jina la Dom Jerónimo, kisha akarudishwa kutawala kwa niaba ya waliomsomesha. Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamuua kamanda wa Kireno, akarudia dini na jina lake la awali. Mwaka uliofuata aliuacha mji, akaishia kuwasumbua Wareno baharini. Wanafunzi wangu wanaishi bwenini. Wamepewa majina, sare na lugha ya kuzungumzia siku za juma. Je, hawana la kusema juu ya mtoto aliyechukuliwa kwao akasomeshwa mbali ili arudi akiwa mtu mwingine? Ningetoa alasiri nzima ya ufuoni nisikie wakibishana juu ya Yusuf kivulini mwa ukuta ule.

Tuliingia Mji wa Kale saa ya joto. Barabara tuliyoifuata huitwa Ndia Kuu. Mvulana mmoja aliposoma jina lile alicheka, akauliza kama watu wa Ndia, kule Kirinyaga tulikopita jana yake, ndio walioijenga. Darasa likaangua kicheko. Mzee mmoja aliyekuwa barazani na kikombe chake cha kahawa akatuita: "Ndooni, wanangu, ndooni. Mumetoka wapi?" Tukamwamkia, tukamwambia Meru. Akasema, "Mbali. Karibuni kwenu." Kisha akamwita yule mvulana mcheshi, akamweleza kwa upole kwamba ndia ni njia, na kwamba kwa Kimvita mtu huona kwa mato, si kwa macho, na watoto huteza, hawachezi. Akanigeukia: "Maalim, haya hamuwasomeshi?"

Nilitabasamu kama atabasamuye mtu aliyekanyagwa kidole. Nilikuwa nimekumbuka jambo. Miaka kadhaa iliyopita tuliletewa shuleni mwanafunzi kutoka Mombasa, mzazi wake akiwa amehamishiwa Meru kikazi. Katika insha yake ya kwanza aliandika ndia, akaandika mato. Nilizungushia kila neno wino mwekundu. Tena niliisoma insha ile kwa sauti mbele ya darasa, ili wenziwe wajifunze makosa ya kuepuka, nao wakacheka kama walivyocheka Ndia Kuu. Tangu siku ile aliandika kwa uangalifu mkubwa, sentensi fupifupi, kama mtu atembeaye juu ya vigae. Nilimhesabu kuwa amerekebika.

Sasa, walimu wenzangu wa lugha tusimame hapa kidogo. Mwaka 1928 wajumbe wa serikali za kikoloni za Afrika Mashariki walikutana ili kuchagua lahaja itakayokuwa msingi wa Kiswahili cha shuleni, nao wakachagua Kiunguja. Wamisionari waliozoea Kimvita walikuwa wamekipigania Kimvita, wakashindwa. Mkutano huo ulifanyika wapi? Mombasa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1930, ikaundwa Kamati ya Lugha ya kusimamia usanifishaji, na kutoka hapo ndipo ulipotoka wino wangu mwekundu. Sisemi tuache kufundisha Kiswahili sanifu. Watahini hawatanisikiliza, na lugha ya taifa yahitaji kaida. Lakini Muyaka bin Haji alitunga kwa lugha ya mji huu karne moja kabla ya mkutano huo. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, aliandika mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni, kitabu kikachapishwa mwaka 1973 na kupata tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata. Kimvita kimejaa ndani yake. Katika somo la ushairi twawafundisha watoto kwamba huo ni uhuru wa mshairi. Mtoto wa Mvita akiandika vivyo hivyo twamkata alama. Uhuru wa mshairi uko wapi hapo? Yule alikuwa akiandika lugha ya mama yake, wala hakuwa na haja ya ruhusa ya mtu, sembuse yangu.

Mwanafunzi wa Kaaga ajifunzaye Kiswahili kwa ajili ya mtihani anahitaji kuketi dakika kumi na mzee kama yule kuliko anavyohitaji ngazi za umeme. Sisi tuliketi naye dakika saba. Mwalimu mwenzangu alikuwa akitazama saa.

Na kuna mahali ambapo hatukufika kabisa. Tulipokuwa tukiingia Mombasa tulipita Mazeras, ambapo barabara hukatika kuelekea Rabai na Ribe. Huko Rabai ndiko Krapf na Rebmann walikokaa tangu 1846. Kutoka huko Krapf alisafiri hadi Ukambani, na mwaka 1849 akauona kwa mbali Mlima Kenya, mlima uleule ambao sisi huamka tukiuona. Na Ribe ndiko Wamethodisti walikoanzisha kituo chao mwaka 1862, Thomas Wakefield akiwa miongoni mwa wa kwanza. Kutoka pwani hiyo Umethodisti ulipanda polepole, ukaingia Meru, na mwaka 1912 ukapiga kambi Kaaga. Shule zetu za Kaaga, kanisa letu, hata Chuo Kikuu cha Methodisti kilichopo hapo leo, vyote mzizi wake umeanzia Ribe. Kwa hiyo mtoto wa Kaaga anayo njia mbili za kuifikia pwani hiyo bila kuwa mgeni: ya kwanza ni ya mababu waliotoroka, kama simulizi ni ya kweli, ya pili ni ya wamisionari waliopanda kwa miguu na vitabu vyao. Basi letu lilipita njia panda ile usiku. Kulala lilikuwa limelala zima, nami pia.

Nimesema watoto arobaini na wanne. Kidato kilikuwa na sitini na mmoja. Waliobaki kumi na saba walikaa madarasani siku zile wakinakili maandishi ya walimu wa zamu, na tuliporudi wenzao waliwaonyesha picha za pembe na za feri. Juma lililofuata nilitoa insha yenye mada, "Ziara yetu ya Mombasa." Ndiyo, niliitoa kwa darasa zima, kwa kuwa ndivyo tunavyofanya kila mwaka. Mmoja wa wale kumi na saba aliandika ziara nzima tangu alfajiri hadi ufuoni, akaeleza harufu ya chumvi na joto la mchanga. Nilimpa alama za juu kabla sijakumbuka kwamba hakuwemo basini. Nilipomwita aliniambia, bila haya wala kinyongo, "Mwalimu, nilisikiliza walivyosimulia."

Nimelifikiria jibu hilo muda mrefu. Ikiwa mtu aliyebaki Kaaga aweza kuiandika ziara yetu vizuri kuliko walioiendea, basi wale walioiendea walipata nini asichokipata yeye? Walipata mambo ambayo mtu hupewa kwa kusikia tu. Swali la msichana wa Mbwaa halikuonekana katika insha hata moja. Mzee wa Ndia Kuu alitajwa na watatu, na wawili kati yao waliandika kwamba Kiswahili chake kilikuwa "kibovu."

Mimi nadhani kosa lipo kabla ya basi kuwashwa. Tumeifanya ziara kuwa zawadi ya waliolipa. Tungeifanya kuwa kazi ya darasa zima, majuma mawili kabla ya kuondoka yangetumika kukusanya maswali: mtoto aende kwa babu yake huko Mikinduri au Nkubu au Igoji, amuulize habari za Mbwaa, ayaandike asemayo hata kama yanapingana na ya babu wa mwenzake. Asiyeweza kulipa ayaandike yake pia, na walio safarini wayabebe maswali yake na kumletea majibu. Fedha za siku ya duka na feri zingetosha kuwalipia wengine watatu au wanne; nimepiga hesabu hiyo kwa risiti za mwaka jana, nami naweza kumwonyesha mwalimu mkuu yeyote anayetia shaka. Na wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, msitungoje sisi. Mkifika ngomeni, ulizeni. Mwalimu akiwaambia mtazungumza nyumbani, mkumbusheni jioni ileile basini.

Muhula huu barua imetayarishwa tena. Nimeombwa kuandaa ratiba, nami nimeiandaa: asubuhi ya kwanza Ribe na Rabai, alasiri Ngome ya Yesu hadi ifungwe, siku ya pili Mji wa Kale kwa miguu, bila saa mkononi, kisha bahari. Pembe zimo pia, kwa dakika tano, kwa sharti kwamba mtu aulize zilijengwa kwa ajili ya nani. Duka nimelifuta. Wenzangu wawili wamekwisha kuniambia kwamba watoto watanung'unika, na huenda wana haki. Yule msichana yuko kidato cha nne sasa, na vidato vya nne huwa haviendi ziara. Nimeomba aende, pamoja na mmoja wa wale kumi na saba. Ratiba bado iko mezani kwa mwalimu mkuu, haijatiwa sahihi.